Gaidi Ni Nani, Afande?

Wataalamu wa usalama wanaoalikwa kwenye runinga kila bomu likilipuka wana maneno wanayoyapenda: vita visivyolingana. Maana yake ni nyepesi kuliko sauti wanayoitolea. Upande mmoja kuna dola yenye ndege, magari ya deraya, bajeti ya mabilioni na wimbo wa taifa. Upande wa pili kuna watu wanne wenye bunduki na begi. Hao wanne hawawezi kuiangusha dola kwa nguvu, na wala hawajaribu. Wanachotaka ni dola ishikwe na hasira, irushe ngumi gizani, impige asiyehusika. Kila anayepigwa bure ni ushindi wao, na hawajalipia hata risasi.

Mpaka hapo nakubaliana na hao wataalamu. Tunaachana wakifika kwenye dawa, kwa sababu dawa yao ni ile ile tangu nikiwa shule ya msingi: pesa zaidi, droni zaidi, sheria kali zaidi, halafu mwisho kabisa, kama chumvi ya kuongezea, "mwananchi atoe ushirikiano."

Mimi ndiye huyo mwananchi. Naishi Kalimoni, wadi ya Juja yenye misheni ya zamani ya Wakatoliki, hospitali yake, na ploti zinazoota bedsita kuliko mahindi. Ruiru, ambako kikosi cha Recce cha GSU kina kambi yake, ni dakika chache kwa matatu trafiki ikiwa nzuri. Kwa hivyo nikisema hawa watu nawajua, simaanishi nimesoma tu. Tunanunua mboga soko moja. Na ninachotaka kusema ni kwamba silaha kubwa zaidi ya Kenya katika vita hivi haiko ndani ya ile kambi. Silaha hiyo ni jirani asiyeogopa kuingia kituo cha polisi. Na serikali zetu, moja baada ya nyingine, zimekuwa zikiivunja kwa mikono yao wenyewe.

Wacha kwanza niwape Recce haki yao, kusiwe na mtu wa kuniambia sina shukrani. Januari 15, 2019, watu watano walishambulia hoteli ya DusitD2 pale Riverside. Watu 21 waliuawa. Lakini wanaume wa Ruiru na wenzao walifika mapema, wakapanda ghorofa moja baada ya nyingine, na zaidi ya watu 700 wakatolewa wakiwa hai. Ni kazi ya kusifiwa. Linganisha na Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakiwa wamekufa: Recce walikuwa wameanza kuwabana washambuliaji, jeshi likaingia bila mpango wa pamoja, afisa wa Recce akauawa kwa risasi ya upande wetu, kikosi kikajiondoa, na baadaye kamera za duka zikatuonyesha wanajeshi wakitoka na mifuko ya plastiki. Mkuu wa majeshi akatuambia walichukua maji tu. Maji! Na linganisha na Garissa, Aprili 2, 2015. Washambuliaji wanne waliingia chuoni kabla ya jua kuchomoza. Recce wa hapa Ruiru walipewa habari asubuhi, wakasubiri usafiri, na waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari wakafika kabla yao. Kikosi kilipoingia jioni, kazi iliisha kwa dakika chache. Kufikia hapo watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu, wa rika langu na lako.

Kwa hivyo ndiyo, bunduki zina kazi. Zinafanya kazi saa ya mwisho. Ninachouliza ni kuhusu zile siku elfu moja kabla ya saa ya mwisho.

Mmoja wa wale wauaji wa Garissa, Abdirahim Abdullahi, hakutoka Somalia kwa ngamia. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu huko Mandera, na serikali yenyewe ilisema baada ya mauaji kwamba mzee huyo alikuwa amepiga ripoti mwanawe akipotea, akihofia amevuka mpaka. Soma tena. Mzazi, mtumishi wa serikali, Mkenya Msomali, alitembea mwenyewe mpaka kwa wakubwa akasema: mtoto wangu amepotea, naogopa. Huo ndio ushirikiano wanaoulilia kila siku. Uliletwa mpaka mezani. Ukafanyiwa nini?

Mwaka mmoja kabla ya Garissa, hivi ndivyo serikali ilivyokuwa ikishughulika na Wasomali kama mzee yule. Aprili 2014, baada ya milipuko ya Eastleigh ya Machi 31, ilianzishwa operesheni ya Usalama Watch. Watu karibu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakimbizi na raia wa Kenya wakichanganywa kama dengu na mawe. Uwanja wa Kasarani, pale tulipokuwa tukienda kuangalia mpira, ukawa korokoro. Mwenye kitambulisho aliulizwa kitambulisho. Akikitoa, akaulizwa pesa. Kuna utani wa zamani kule Eastleigh kwamba Msomali ni ATM ya polisi, na mwezi huo ATM zilitolewa mpaka karatasi ya mwisho.

Matokeo? Mei 4, operesheni ikiwa bado inaendelea, mabasi mawili yalilipuliwa hapa hapa kwenye barabara ya Thika, pande za Roysambu na Homeland, mwendo mfupi kutoka ule uwanja. Watu watatu walikufa, wengi wakaumia. Juni 15 ikawa Mpeketoni, na zaidi ya watu 60 wakauawa kule na vijiji vya karibu. Unaweza kuniambia kwamba mambo yangekuwa mabaya zaidi bila Kasarani. Sawa, niambie. Lakini nionyeshe basi ni gaidi gani alikuwa amelala kwenye zile seti za uwanja.

Babu zetu wa Kiambu wangeitambua Kasarani mara moja. Aprili 24, 1954, miaka 60 kamili kabla yake, Waingereza waliizunguka Nairobi kwa Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliondolewa kwenye nyumba zao, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya gakunia, yule mtu aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho, akitikisa kichwa unakwenda kizuizini. Zaidi ya watu 20,000 walifungiwa. Na tuwe wakweli: kijeshi ilifaulu. Mau Mau walikatiwa chakula na risasi kutoka mjini. Miaka tisa baadaye bendera ya Mwingereza ilishuka hata hivyo, kwa sababu kila mtu aliyepita mbele ya gakunia alirudi nyumbani akijua hii serikali si yake. Jina walilopewa Mau Mau kwenye makaratasi ya wakoloni lilikuwa gaidi. Marufuku yao haikuondolewa mpaka mwaka 2003, chini ya Kibaki. Kenya huru iliishi miaka 40 ikiwa bado imepiga marufuku watu walioipigania.

Silinganishi Al-Shabaab na Mau Mau. Anayeingia bwenini saa kumi na moja asubuhi kuwachagua wanafunzi Wakristo awaue hana cha kulinganishwa nacho, na sitaki mtu anitumie jumbe za "kwani wewe uko upande gani." Nalinganisha serikali. Vitendo vya serikali ndivyo vilivyofanana.

Sasa nije nyumbani kabisa, maana rahisi sana kwa sisi wa Kiambu kumlilia Msomali wa mwaka 2014 kana kwamba sisi hatukupitia. Wengi wenu mlikuwa watoto wakati wa Mungiki. Muulize mtu mzima yeyote wa Thika, Ruiru au Murang'a. Lilikuwa kundi la kutisha kweli. Walitoza matatu kila siku, walitoza umeme, walitoza choo, na mwaka 2007 vichwa vya watu vilikuwa vikipatikana mbali na miili. Hapo ndipo dola ilipokutana na adui mdogo asiye na sare, anayelala nyumba moja na shangazi yako. Ikafanya nini? Ikaanza kuua vijana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandika mwaka 2008 kuhusu watu karibu 500 waliouawa au kupotezwa, katika ripoti iliyoitwa Kilio cha Damu. Kijana mwenye rasta, kijana anayeishi Githurai bila kazi ya kueleweka, kijana mwenye jina la Kikuyu kwenye kizuizi cha polisi saa tatu usiku: huyo ni Mungiki. Mathe wengi huku wanakumbuka kunyoa wana wao kwa lazima. Hawakuogopa Mungiki tu. Waliogopa karao zaidi.

Machi 5, 2009, msemaji wa serikali alisema hadharani kwamba shirika la Oscar Foundation ni kivuli cha Mungiki. Shirika hilo lilikuwa likikusanya ushahidi wa mauaji ya polisi. Jioni hiyo hiyo mkurugenzi wake, Oscar Kingara, na mwenzake John Paul Oulu walipigwa risasi ndani ya gari lao, karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna aliyehukumiwa.

Na zile ada za stejini, ziliisha? Uliza kondakta. Uliza polepole, na usiulize akiwa na watu.

Nina mzee mmoja hapa mtaani, mzee wa Nyumba Kumi. Kwa asiyejua, Nyumba Kumi ni ule mpango tulioazima Tanzania mwaka 2013, kwamba kila kaya kumi zijuane, zichunguzane kwa wema, na ziripoti wageni wasioeleweka. Kwenye karatasi ni wazo zuri mno. Mzee huyu alikuwa ameuamini. Alikuwa na daftari. Miaka kadhaa iliyopita aliona vijana watatu wamehamia chumba kimoja kwenye ploti ya jirani. Hawana kitanda, hawana jiko, pazia limefungwa mchana, taa inawaka usiku kucha, hawasalimii mtu. Akafanya kama alivyofundishwa. Akaenda kituo kimoja cha polisi, ambacho sitakitaja, akaeleza.

Usiku ule walikuja wakabeba ghorofa nzima. Walibeba wale vijana watatu, wakabeba mama muuza mitumba, wakabeba mwanafunzi aliyekuwa na mtihani asubuhi, wakabeba mlinzi. Kila mmoja alijitoa kwa alichokuwa nacho. Vijana watatu walikuwa waandishi wa mtandaoni, wale wa kuandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Ndiyo maana walikuwa macho usiku, huko kulikuwa mchana. (Kama umesoma Juja unawajua. Labda ni wewe.) Kufikia saa nne asubuhi mtaa wote ulijua nani alipeleka habari, kwa sababu afisa mmoja alimtaja kwa jina mbele ya watu seli ikifunguliwa.

"Kijana wangu," aliniambia tukiwa tumekaa nje ya duka lake, "mimi siku hizi macho yangu ni ya mbuzi. Mbuzi akipotea nitakuambia. Mtu, hapana."

"Na akija mbaya kweli, mzee?"

"Akija mbaya kweli nitafunga mlango mapema."

Sasa mfikirie Ali Salim Gichunge, aliyeongoza shambulio la Dusit. Hakuishi Boni. Aliishi Muchatha, upande wa Ruaka, kaunti yetu hii ya Kiambu, nyumba ya kupanga, na mke, na gari. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa Kenya. Siku chache kabla ya shambulio, mkewe alitangaza mtandaoni kwamba wanauza vyombo vya nyumba kwa sababu wanahama. Hakufanana na picha ya gaidi ambayo polisi wamekuwa wakiitembeza tangu Kasarani. Alikuwa na makochi. Yule mzee wangu angempita na kumsalimia, na hata angemshuku, angefunga mlango mapema. Tulio na watoto, na ndugu, na marafiki wanaofanya kazi kwenye majengo ya vioo ya Westlands, tulipe bei ya huo mlango uliofungwa.

Kuna wakati mlango ulifunguka, na ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Novemba 15, 2021, wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka Kamiti, gereza lenye ulinzi mkali kuliko yote nchini, mmoja wao akiwa amehukumiwa kwa mauaji ya Garissa. Walipita kuta, walipita walinzi, walipita minara. Serikali ikatangaza zawadi ya shilingi milioni 60. Helikopta, vizuizi, matangazo. Siku tatu baadaye walikamatwa Kitui, wakielekea upande wa Garissa, na walionaswa si kwa droni. Wanakijiji waliwaona: watu watatu wachovu, wageni, wananunua chakula na kuuliza njia. Wakajulisha wenye mamlaka. Basi. Watu wa Malalani, mahali ambapo wengi wenu hamjawahi kupasikia, walifanya kile ambacho Kamiti na kuta zake haikuweza.

Kwa nini walisema? Sijui moyo wa kila mmoja, na milioni 60 si kidogo. Lakini najua kwamba mtu hupiga simu akiamini mambo mawili: kwamba anayepokea atamfuata mhalifu, na kwamba hatamgeukia yeye. Ondoa moja kati ya hayo na simu haipigwi, hata ukiweka bilioni.

Na hapa kwetu hilo la pili limeondolewa kwa bidii. Ukishapita Thika ukielekea Ol Donyo Sabuk, kuna mto ambao mwaka 2016 ulitoa magunia matatu. Ndani yake: wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Mwenda alikuwa mwendeshaji bodaboda. Polisi alikuwa amempiga risasi, naye akafanya kama raia mwema anavyofundishwa: akapeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka ya kuchunguza polisi. Alitoa ushirikiano. Alishirikiana na dola dhidi ya mhalifu, ila mhalifu alikuwa na sare. Ilichukua miaka sita mpaka hukumu, na polisi watatu na mpasha habari wao mmoja wakapatikana na hatia Julai 2022. Nawashukuru majaji, na waendesha mashtaka, na wanasheria waliokataa kunyamaza. Lakini kila mwanabodaboda wa stejini kwetu anajua ile hadithi ilivyoanza, na wachache sana wanajua ilivyoisha.

Halafu ikaja mwaka 2024, na 2025. Hapa sasa sizungumzi na wataalamu wa runinga, nazungumza na nyinyi mnaosoma hii kwa simu yenye kioo kilichopasuka, maana mlikuwepo. Juni 25, 2024, tulipinga Mswada wa Fedha. Usiku huo rais alituita wahalifu. Miezi iliyofuata watu wakaanza kubebwa na magari yasiyo na namba halisi. Kufikia Desemba, ile tume ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa kutoka kwao Homa Bay kwa ajili ya maneno ya mtandaoni, akafa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Tukaandamana tena Juni 25. Siku iliyofuata waziri wa usalama wa ndani, Kipchumba Murkomen, akasema yale hayakuwa maandamano, ni ugaidi uliovaa nguo za upinzani.

Na haikuwa maneno tu. Makumi ya vijana walipelekwa Mahakama ya Kahawa, ile iliyotengwa kwa ajili ya kesi za ugaidi, karibu na Kamiti, kukabiliwa na sheria ya ugaidi. Waliochoma vituo na mahakama, ndiyo, kuna sheria ya uchomaji mali, ipo tangu zamani, ina vifungo virefu. Itumieni. Kwani mahakama ya Kikuyu ilichomwa, na mimi siwezi kusema ilikuwa haki ichomwe. Faili za mashamba ya maskini ziliteketea humo. Lakini kumtoa kijana wa Kiambu au Matuu kwenye maandamano, ukamkalisha kizimba kile kile alichotengewa mtu wa Garissa, ukamwita jina lile lile, ni kufanya kazi ambayo Al-Shabaab wamekuwa wakiifanya kwa jasho tangu jeshi letu livuke mpaka Oktoba 2011. Wao wanasema dola ya Kenya haina tofauti kati ya raia na adui. Sisi tukawachapia ushahidi, tukaupiga muhuri.

Neno gaidi lilikuwa na uzito. Ukilisikia, nywele zilisimama. Leo nikitaja gaidi hapa stejini Juja, jamaa wanacheka: "Gani? Wa Boni ama wa Finance Bill?" Ni utani, lakini fikiria siku tutakapohitaji kulisema neno hilo kwa dhati, usiku, kwa simu, na anayesikiliza afikirie ni mzaha.

Kuna jambo jingine ambalo wale wataalamu hawaligusi kabisa. Wanapenda kusema makundi yasiyo ya dola, kana kwamba yanatoka mwezini. Juni 17, 2025, Nairobi, tuliona wanaume wakiwa juu ya pikipiki, wana viboko na marungu, wakiwapiga waandamanaji huku polisi wakiwa kando yao. Kijana aliyekuwa akiuza barakoa alipigwa risasi ya kichwa na afisa siku hiyo hiyo, mchana, mbele ya kamera. Wale wa pikipiki walikuwa nani? Kundi lisilo la dola. Lililipwa na nani? Historia ya Mungiki ina jibu lake: wanasiasa walilikemea mchana, wakalitafuta usiku uchaguzi ukikaribia. Huwezi kukodisha genge Juni, ukalalamika kuhusu magenge Agosti. Ukilifuga litakua, na halitabaki na rangi ya chama chako.

Najua jibu watakalonipa. Watasema ni rahisi kuandika haya kutoka bedsita Kalimoni, kwamba mpelelezi hana starehe ya kusubiri ushahidi wakati bomu linahesabu sekunde. Nimelifikiria jibu hilo. Shida ni kwamba katika visa vyote nilivyotaja, hakuna hata kimoja ambapo upole ndio uliotuponza. Garissa hatukuponzwa na upole. Tuliponzwa na usafiri, na na ripoti ya mzazi iliyolala. Westgate tuliponzwa na vikosi visivyosikilizana. Kamiti waliotoroka walipita kwenye gereza lenye ulinzi mkali, si kwenye huruma ya mtu. El Adde, Januari 15, 2016, miaka mitatu kamili kabla ya Dusit, wanajeshi wetu waliuawa kambini Somalia na mpaka leo serikali haijatupa idadi yao. Familia zao zilistahili kuijua kabla ya yeyote kuzungumzia ushirikiano. Kila mara kosa ni la kazi iliyofanywa vibaya, na kila mara adhabu inamwangukia raia.

Ninachodai si kikubwa. Anayepeleka habari kituoni asitajwe. Afisa anayemtaja afukuzwe. Anayekamatwa apelekwe kwenye kituo kinachojulikana, aandikwe kwenye kitabu kinachoonekana, afikishwe mahakamani kwa saa 24 kama Katiba ya mwaka 2010 inavyosema. Idadi ya waliokufa El Adde itangazwe. Na kesi za maandamano ziondolewe Kahawa.

Hilo la mwisho halihitaji hata bunge. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, ile ile wanayoitumia kuwashtaki, inaeleza kwenye kifungu cha 2 kwamba kitendo kinachovuruga huduma kikifanywa katika maandamano au mgomo hakihesabiwi kuwa ugaidi, maadamu hakikukusudiwa kuumiza watu, kuhatarisha usalama wa umma au kuharibu mali vibaya. Wabunge waliandika hivyo wakijua siku kama hii inaweza kuja. Nakala iko mtandaoni, bure. Isome ukiwa kwenye matatu, na ukishuka Kahawa, ingia mahakamani usikilize mwendesha mashtaka anaisomaje.